Maswali ya Wasomaji: Aliyegonga Kichwa na Saa Zinazofuata

Katika toleo lililopita tuligusia majeraha ya kichwa kwa aya moja tu, na barua zilizofuata zimenionyesha kwamba aya moja haikutosha. Nimechagua chache, nikazifupisha na kuacha majina nje. Wengi mmeniita daktari. Mimi ni afisa wa kliniki niliyekaa miaka mingi katika chumba cha dharura, na ninayoyaandika hapa hayachukui nafasi ya mhudumu anayeweza kumwona mgonjwa wako ana kwa ana.

Mdogo wa mume wangu ni mwendesha bodaboda hapa Kondele. Saa kumi jioni aligongwa na kioo cha pembeni cha matatu, akaanguka, na helmeti ikamtoka kwa kuwa hakuwa ameufunga mkanda. Walioshuhudia wanasema alizimia kidogo, kisha akaamka, akakung'uta suruali na kuanza kuikagua pikipiki. Katika kliniki ya karibu alishonwa nyuzi nne juu ya sikio, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa aende nyumbani. Saa moja alikunywa chai nasi akisimulia kisa chote huku akicheka. Saa tatu alisema kichwa kinamuuma sana, akatapika mara mbili, akaenda kulala. Mama mkwe alisema aachwe apumzike, jirani akasema bila shaka alipitia mahali akanywa. Saa sita usiku alikuwa akikoroma kwa namna ambayo hatujawahi kuisikia, na nilipomtikisa alifungua jicho moja tu. Tulimkimbiza hospitali kuu, akapasuliwa alfajiri, na namshukuru Mungu sasa anatembea. Mtu anachekaje saa moja na saa sita awe mahututi? Na tungejuaje mapema? (Shemeji mtu, Kisumu)

Dada, pole kwa usiku huo. Shemeji yako yu hai kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mtu aliyejua mkoromo wake wa kila siku, na akatambua kwamba ule haukuwa wenyewe.

Mfupa wa panja, pale mbele na juu ya sikio, ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu, na upande wake wa ndani umepitiwa na mshipa wa ateri uliolala kati ya mfupa na utando wa nje wa ubongo. Mfupa ukipata ufa, mshipa huo unaweza kuchanika. Pigo lenyewe humzimisha mtu kwa muda mfupi. Kisha ubongo hutulia, naye huamka, huongea, huulizia mali yake, na kila aliyekuwa karibu humshukuru Mungu na kurudi kazini. Damu, hata hivyo, haijaacha kuvuja.

Mguu ukivia damu huvimba, na tumbo likijaa hutanuka, lakini fuvu la mtu mzima halitanuki hata kidogo. Kila kijiko cha damu kinachoingia humo hutafuta nafasi kwa kumsukuma mwenzake. Kwanza husukumwa yale maji yanayouzunguka ubongo, ambayo huteremka kuelekea uti wa mgongo, na kwa muda huo mgonjwa hunywa chai na kusimulia. Maji yakishateremka ya kutosha, kinachobaki kusukumwa ni ubongo wenyewe, na kuanzia hapo mambo huenda kasi sana. Kwa hiyo chai ile ya saa moja haikuwa uongo wala muujiza. Ilikuwa ni ile nafasi ndogo ambayo bado haijaisha.

Ukizirudia saa zake utaona kwamba mwili ulizungumza mapema. Maumivu yaliyozidi badala ya kupungua, tena baada ya dawa kumezwa, yalikuwa neno la kwanza, na kutapika mara ya pili kukayathibitisha. Kusinzia kabla ya wakati wake wa kawaida ndiko watu wengi hukukosea, kwa kuwa hufanana na uchovu wa mtu aliyepatwa na ajali. Mkoromo mzito ulimaanisha kwamba koo lilikuwa limelegea kwa sababu fahamu zinapungua, na jicho lililokataa kufunguka lilikuwa onyo la mwisho au karibu na la mwisho. Saa ya kuondoka nyumbani, nikiulizwa, ilikuwa saa tatu. Sisemi hivyo ili kuwalaumu. Mnamo Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Kanada, akainuka akifanya mzaha, na gari la wagonjwa lililofika likarudishwa kwa kuwa alijiona mzima. Siku mbili baadaye alifariki, na uchunguzi ulionyesha damu iliyovia mahali palepale ninapopaeleza. Hakukosa fedha wala hospitali.

Mkitaka kujua mapema, acheni kuulinganisha ukubwa wa kidonda na ukubwa wa hatari. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi na hutoa damu ya kutisha kwa mkato mdogo, ilhali niliwahi kumpokea mtu asiyekuwa na hata mchubuko, naye ubongo ulikuwa umekwisha kusukumwa upande. Msimlinganishe pia na jirani aliyeanguka mwaka jana akapona kwa uji. Mlinganisheni na yeye mwenyewe alivyokuwa saa moja iliyopita. Ikiwa saa hii yuko chini ya alivyokuwa saa ile, hata kama bado anaongea, hata kama anawafokea kwamba yuko sawa, anapelekwa.

Mwanamke mmoja kutoka upande wa Nyakach alimleta mumewe usiku akiwa ameshika daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika kwa penseli: saa mbili, anataja majina ya watoto wote. Saa tatu, kichwa, amekataa ugali. Saa tatu na nusu, ametapika. Saa nne na robo, ananiita kwa jina la dadake. Daktari wa zamu aliusoma ukurasa ule kabla hajamgusa mgonjwa, na mgonjwa akatangulizwa mbele ya watu waliokuwa wakivuja damu zaidi yake. Sisi wenyewe hatufanyi tofauti sana. Tangu mwaka 1974 hospitali hutumia kipimo kilichobuniwa Glasgow, Uskoti, na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambacho hutoa alama kwa namna mgonjwa anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Aliye timamu hupata 15, wa chini kabisa hupata 3, na mwenye 8 au pungufu yuko katika hatari kubwa. Lakini alama moja peke yake hutuambia machache, maana mgonjwa aliyetoka 15 akafika 13 hutushtua kuliko aliyekaa 14 usiku kucha.

Nyumbani hamhitaji alama. Chagueni mtu mmoja mzima, ambaye hajanywa, akae na mgonjwa kwa saa 24 za kwanza, na msimwache alale peke yake chumbani. Mwulizeni mambo ambayo majibu yake mnayajua, kwa lugha anayoitumia nyumbani, kama ni Kijaluo basi Kijaluo, maana mtu aliyeanza kuchanganyikiwa anaweza kuonekana mjinga wa Kiswahili tu. Mpeni mikono yenu miwili aikamate kwa pamoja, muone kama mmoja umelegea. Mwambieni acheke muone kama mdomo umekwenda upande. Tazameni mboni za macho kwa mwanga wa simu: zote mbili zinapaswa kuwa na ukubwa unaolingana na kusinyaa mwanga unapoingia. Sitaki, hata hivyo, mtu akae akisubiri mboni zitofautiane ndipo aamini kwamba kuna tatizo, kwa kuwa dalili hiyo huja kwa kuchelewa.

Kuna mambo mengine ambayo hayahitaji kulinganishwa na lolote. Degedege, hata moja, kwa mtu asiye na kifafa. Maji yasiyo na rangi au yenye damu yanayochuruzika puani au sikioni. Weusi unaozunguka macho yote mawili au unaojitokeza nyuma ya sikio bila pigo kufika hapo, kwa kuwa huashiria kwamba kitako cha fuvu kimepasuka. Aliyezimia hata kidogo, au asiyekumbuka ajali ilivyotokea, alipaswa kuchunguzwa siku hiyohiyo.

Kuhusu jirani aliyesema amelewa, hiyo ndiyo kauli iliyowaua watu wengi niliowaona. Chang'aa humfanya mtu asinzie, atapike na aongee ovyo, na damu iliyovia kichwani hufanya vivyo hivyo. Aliyelewa na kugonga kichwa ahesabiwe kuwa ameumia kichwa mpaka ijulikane vinginevyo, na hali ya mlevi wa kawaida huwa nafuu kadiri saa zinavyokwenda.

Kliniki iliyomshona haikukosea kumshona. Kilichokosekana ni maneno mawili kwa mtu wa nyumbani kuhusu yale ya kuangalia usiku, na mkikuta hamjaambiwa, ulizeni kabla ya kutoka mlangoni.

Mnapompeleka, msimbebe mshikaki kati ya watu wawili kwenye pikipiki. Kichwa kilichogongwa mara nyingi kina shingo iliyoumia pia. Tafuteni gari linaloweza kumlaza, kichwa na shingo vikiwa sawasawa na kiwiliwili, na akitapika mgeuzeni mzimamzima kwa ubavu kama gogo, mtu mmoja akiwa ameshika kichwa. Nambari za dharura ni 999 na 112. Mkiwa na uchaguzi, nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya skani ya CT na uwezo wa kupasua, mathalani hiyo ya Jaramogi ambayo wazee wa Kisumu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ama ya Moi iliyoko Eldoret. Mtu mmoja apige simu mbele kuuliza kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa, haionyeshi damu iliyo ndani, kwa hiyo msiridhike mkiambiwa eksirei ni safi ilhali mgonjwa anaendelea kusinzia.

Binti yangu wa miezi 14 alianguka kutoka kitandani akapiga paji la uso kwenye sakafu ya simiti. Alilia papo hapo, akatokwa na nundu, na baada ya kunyonya akatapika mara moja. Mama mwenye nyumba aliikanda nundu kwa kijiko na samli, akanionya kwamba mtoto akilala hataamka tena. Nilimkesha mpaka saa saba usiku nikimpangusa uso kwa maji baridi, sote wawili tukilia. Je, nilifanya sawa? (Mama Kaptembwo, Nakuru)

Mama, pole, na usiku mwingine wa namna hiyo usiupitie. Usingizi hauui mtoto aliyegonga kichwa. Ushauri huo ulitokana na jambo la kweli, kwamba aliyelala anaweza kuzidiwa bila mtu kuona, lakini dawa yake ni kumwangalia aliyelala, si kumnyima usingizi. Mtoto aliyekeshwa kwa nguvu hulia, hukataa titi na kulegea kwa uchovu, na hizo ndizo dalili tunazozitafuta, kwa hiyo unakuwa umejiziba macho mwenyewe.

Mlaze karibu nawe. Usiku wa kwanza, kila baada ya saa mbili hivi mguse shavu au umsogeze. Mtoto aliye salama hukunja uso, hujigeuza, hutafuta ziwa au hulalamika kwa sauti yake ya siku zote, kisha hurudi usingizini, na hapo nawe lala. Asipotikisika, au akiamka akakutazama kama hakujui, ondokeni.

Kulia papo hapo kulikuwa habari njema. Nundu ya kwenye paji pia ndiyo isiyonitia hofu sana kwa umri wake, ingawa ndiyo inayotisha kuangalia. Uvimbe ninaouogopa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ni ule laini, unaobonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, juu ya sikio au kisogoni, kwa kuwa chini yake mfupa huweza kuwa umepasuka. Kutapika mara moja baada ya kulia sana ni jambo la kawaida kwa watoto. Kutapika mara tatu si kawaida, na huhitaji kuonwa. Urefu wa mahali alipoangukia una maana pia. Kitanda cha kawaida ni tofauti na meza, ngazi za ploti au mabega ya mjomba, na akianguka kutoka kimo cha karibu mita 1 au zaidi mlete aangaliwe hata akiwa anacheka. Wa chini ya mwaka mmoja mlete kwa pigo lolote lililozidi kugusana tu.

Kuna kipimo ambacho wewe unacho na sisi wa hospitali tunakionea wivu, nacho ni kwamba unaujua utosi wa mwanao. Kwa miezi 14 huenda haujafunga. Mshike akiwa ameketi na ametulia, upitishe kidole taratibu. Utosi uliotuna na kukaza ilhali mtoto halii ni sababu ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ile ambayo wengi bado huiita PGH, bila kungoja asubuhi. Ongeza hapo kilio chembamba kisichobembelezeka, kukataa kunyonya kabisa, degedege, na kupauka.

Nundu haikandwi. Kukanda huongeza damu chini ya ngozi, na kijiko hakirudishi mfupa. Kitambaa cha maji baridi, au pakiti ya maziwa ya baridi iliyofungwa kwenye leso, kwa dakika kumi kinatosha. Samli weka kwenye chakula.

Nikianguka na pikipiki, kemisti hunipa vidonge vya kuondoa maumivu vya aina mbili au tatu kwa pamoja. Ni salama? (Mwendeshaji, Ahero)

Kwa kichwa, si salama. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, asizidishe 8 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache kwa siku za mwanzo kwa sababu zinaweza kuzuia damu kuganda vizuri. Dawa za usingizi na zile kali za kulewesha, tramadoli ikiwemo, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hukulaza na kuificha dalili tunayoitegemea, na pombe ni vivyo hivyo. Kichwa kikikataa kutulia kwa parasetamoli, usirudi kemisti kuongezewa. Nenda hospitali. Na funga mkanda wa helmeti, bwana. Isiyofungwa huruka kabla hujafika chini.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika kaunti ya Kakamega. Mchezaji wangu wa raga aligongana kichwa na mwenzake, akayumba, akasema anaweza kuendelea. Nilimtoa, na wazazi pamoja na wachezaji wenzake wakanilaumu kwa sababu tulishindwa. Sasa ni siku ya nne na anataka kurudi mazoezini. (Mwalimu)

Mwalimu, ulifanya ilivyopasa, na mechi iliyopotea itasahaulika muhula ujao. Anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akidai yuko timamu, kwa kuwa kiungo anachokitumia kujipima ndicho kilichoumia.

Mtikisiko wa ubongo ni tofauti na damu kuvia: hakuna kilichochanika cha kuonekana kwenye skani, ila chembe za ubongo zimevurugika na zinahitaji muda. Mwanafunzi hulalamika kwamba mwanga unamkera, hasomi ukurasa mpaka mwisho, hukasirika upesi, halali vizuri. Saa 24 hadi 48 za kwanza apumzike, simu na runinga zipunguzwe, kisha atembee na kurudi darasani kidogokidogo. Siku ya nne ni mapema mno. Mwongozo wa michezo ya mashinani uliotolewa Uingereza mwaka 2023 hauruhusu mechi kabla ya siku 21, na mazoezi yenye kugongana yasianze mpaka awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote akiwa amepumzika. Nisingeuona kama wa Wazungu tu, maana fuvu la mvulana wa Kakamega halikuumbwa kwa chuma. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona huweza kuuvimbisha ghafla, na vijana wamekufa kwa namna hiyo kwa mapigo yaliyoonekana mepesi. Tofauti ya kushika ni hii: dalili za mtikisiko hupungua siku baada ya siku, hata kama ni polepole. Zikigeuka na kuanza kupanda, mtoe darasani na umpeleke hospitali.

Mjomba alipigwa rungu kichwani kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Hospitali ya kwanza ilidai amana kabla ya kumgusa. Wana haki hiyo? (Bungoma)

Hawana. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inalirudia hilo kwa vituo vya umma na vya binafsi. Mlangoni kitaje kifungu kwa upole, omba kumwona msimamizi wa zamu, na umwombe akuandikie kwamba amekataa. Aghalabu mlango hufunguka hapo. Suala la SHA, yaani bima ya afya ya umma, na malipo lifuate mgonjwa akishatulizwa. Polisi waandikieni taarifa na mpate nambari ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, itajazwa baadaye. Msimweke mjomba kwenye benchi la kituo akingoja fomu.

Baba yangu ana miaka 71 na humeza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi kwa ajili ya moyo. Wiki tano zilizopita aliteleza bafuni akagonga kisogo kidogo tu, wala hakutoka damu. Sasa anasahau alikoweka fimbo, anaburuta mguu wa kushoto, na jana alimwita mama kwa jina la marehemu dada yake. Ndugu wanagawanyika: wengine wanasema ni uzee, wengine wanamtaja jirani aliyegombana naye. Je, jambo la wiki tano linaweza kuwa ndilo? (Kifungua mimba, Vihiga)

Linaweza, na kwa maelezo yako ndilo la kwanza kufikiriwa. Ubongo hunywea kadiri umri unavyosonga, ukaacha nafasi kati yake na fuvu, na vena ndogo, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinazovuka nafasi hiyo hubaki zimevutika kama kamba za nguo zilizokazwa mno. Kujikwaa kidogo kunatosha kukata moja. Damu ya vena hutiririka bila nguvu, na kwa kuwa mzee ana nafasi ndani, hutona kwa siku nyingi kabla haijabana chochote. Ndiyo sababu dalili huja wiki kadhaa baadaye, wakati hata bafu limesahaulika. Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi huifanya hatari hiyo kuwa kubwa zaidi, na mtu anayeimeza alipaswa kuchunguzwa siku ileile aliyogonga kichwa, hata bila dalili. Wanywaji wa pombe wa muda mrefu wako katika kundi hilo pia.

Uzee hauji kwa wiki tano, wala hauchagui mguu mmoja. Usahaulifu wa umri huingia kwa miaka, na huyu amebadilika ndani ya mwezi kwa jambo unaloweza kulitajia tarehe. Kuhusu jirani, sina la kuwaamulia ndugu zako, ila wakitaka kuendelea na kikao chao na waendelee nacho mzee akiwa hospitalini. Nimewaona wazee walioletwa wakiwa wamekwisha kusomewa dua na kupewa majani, wakatobolewa matundu mawili madogo kwenye fuvu, damu nyeusi kama mafuta machafu ya injini ikatoka, na katika siku chache wakawa wanauliza habari za ng'ombe wao. Si wote hupona hivyo, lakini huu ni mmoja wa upasuaji wa kichwa unaorudisha watu vizuri, mradi wafike kabla hawajapoteza fahamu.

Asiongezewe wala asiachishwe dawa ya moyo kwa uamuzi wa nyumbani, maana kuiacha ghafla kuna hatari yake, na wa kuliamua hilo ni daktari atakayeona skani. Asingoje siku yake ya kliniki ya mwezi. Hospitali ya rufaa ya Kakamega iko karibu nanyi, na Kisumu pia si mbali. Nilimwomba mhariri akupigie simu siku barua yako ilipofika, naye akaniambia hukupatikana. Ikiwa unasoma haya na mzee angali nyumbani, mtoe leo, na ubebe pakiti ya dawa hiyo mfukoni ili wasome jina lake wenyewe.